Korasi ni yangu, mdomo ni wa mwenzangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, naishi Mtwara mjini. Safu yako huwa naisoma kwenye simu ya mume wangu na sikuwahi kufikiri iko siku nitaandika mimi. Naomba jina langu usilitoe. Jina la wimbo nimekuandikia pembeni ili ujue ninachokisema, nalo usilichapishe.

Asubuhi nauza vitumbua. Mchana au usiku, nikiitwa, naenda studio kuitikia. Watu hawaielewi hii kazi. Msanii anakuja na mashairi yake, anaimba beti zake, kisha korasi inatakiwa ijae, na hapo ndipo prodyuza ananipigia simu. Naingia kwenye kile chumba kilichozibwa kwa magodoro ya sponji. Feni inazimwa kwa sababu mlio wake unaingia kwenye maiki. Naimba sauti ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, ya tatu mara mbili, na wakati mwingine naongeza ile nyembamba ya juu kabisa. Ukisikia kwenye redio unafikiri ni wasichana sita. Ni mimi mmoja, nimelowa jasho, hedifoni sikio moja, sikio jingine nimeliacha wazi nijisikie. Hii ni miaka sita sasa. Wimbo mmoja nalipwa shilingi 15,000, msimu wa korosho inafika 20,000.

Kuimba sikufundishwa na mtu wa shule. Bibi mzaa mama, kule Newala, alikuwa mtu wa kufuatwa nyumbani kukiwa na ngoma. Tukitwanga naye, yeye anaanzisha, sisi wajukuu tunapokea, na ukipokea vibaya anasimamisha mchi mpaka urekebishe.

Prodyuza ni kaka yangu, mtoto wa mama mdogo. Baba alipofariki ndiye aliyenitumia nauli nije mjini na kunipa chumba kwake miaka miwili. Siwezi kusema ni mtu mbaya, Shangazi, ningekuwa naongopa.

Mwaka jana alikuja msanii kijana, mzaliwa wa huku aliyehamia Dar es Salaam. Alitaka korasi ya kike, na binti wa kuiimba alikuwa hajafika. Kaka akaniambia, “Dada, iweke wewe kwanza, mwenyewe akija tutafuta ya kwako aweke yake.” Nikaiweka. Maneno yalikuwa manne tu. Nikaona mwishoni pamebaki uwazi, nikaingiza ile sauti ya bibi ya kutwangia, inayopanda halafu inashuka kama mtu anateremka ngazi. Msanii alinyanyuka kwenye kiti. Nikachukua 20,000 yangu nikaondoka.

Binti alikuja, akahangaika siku mbili, kule juu kukamshinda. Wakaacha ya kwangu. Hakuna aliyeniambia. Niliusikia wimbo kwenye bajaji natoka sokoni na ndoo ya mchele miguuni. Kwenye video yule binti amesimama ufukweni na gauni jekundu, anafumbua mdomo, sauti yangu inatoka. Majina yaliyoandikwa ni la msanii na la kwake.

Nina uhakika kwa sababu siku ile nilisahau kuvua bangili. Kabla ya korasi ya pili navuta pumzi na kuinua mkono, na bangili zinagongana: ti. Kaka alijaribu kuitoa ikakataa, maana imekaa juu ya pumzi yenyewe. Harusi zote za mtaani wimbo unapigwa, na kila ikifika ile ti tumbo linanikata.

Nilimweleza jirani mmoja. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa nikipita naitwa kwa jina la yule binti, kwa dhihaka. Mwanangu ana miaka 7, juzi ameniambia, “Mama usiseme tena, wenzangu wananicheka.”

Kilichonifanya niandike ni hiki. Minada ya korosho imeanza, hela ipo mjini, na mwezi ujao msanii anakuja kupiga shoo. Mwandaaji hataki pleibeki, anataka laivu. Kaka amenipigia: nisimame nyuma ya spika, pazia likiwa limefungwa, niimbe, na yule binti awe mbele. Malipo 150,000. Mume wangu anaendesha bajaji, kaniambia, “Hela ni hela, bati la jikoni linavuja.” Mama mkwe tunaishi naye nyumba moja, ni mtu wa dini sana, hajui lolote. Ndiyo maana tangu mwanzo nilimwomba kaka asiandike jina langu popote.

Nimeibiwa, Shangazi, au nimejiibia? Nikikataa, kaka ataniita tena? Nikienda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, nitakuwa nimemshtaki mtu aliyenipa pa kulala. Nikikubali, nitasimama gizani nisikie watu wa mji wangu wakimshangilia mwingine kwa kitu changu.

Muitikiaji, Mtwara

* * *

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako niliifungua nikiwa na kazi nyingine mkononi, ile kazi ikalala. Nikikuelewa, sauti yako imevalishwa mtu mwingine, aliyeivalisha ni ndugu aliyekubeba ulipokuwa huna kitu, na sasa unaombwa urudie kwa hiari yako jambo ambalo mara ya kwanza lilifanyika huna habari. Hapo mwisho ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu nahisi ndipo tumbo linapokukatia. Mwaka jana uliwekwa gizani. Safari hii unaulizwa kama utaingia mwenyewe kwa miguu yako.

Umeuliza umeibiwa au umejiibia. Ulimwomba kaka yako asiandike jina lako, na usilifiche hilo ukienda kuongea naye, maana ndilo atakalokujibu la kwanza. Lakini mfinyanzi akikwambia usitaje jina lake kwenye chungu alichokufinyangia, hajakuruhusu uandike la jirani. Wewe uliomba unyamaziwe tu. Sijui kama kaka yako aliiona tofauti hiyo. Prodyuza mwenye wimbo unaosubiriwa na binti aliyeshindwa kupanda huwa anatazama saa, mengine hayaoni. Labda alijua akanyamaza. Labda hata hakuwaza. Mwaka mzima umeishi na jibu ulilomjibia wewe, na katika barua yote sijaona mahali ulipomuuliza.

Yaliyokupata yamewapata wengine mbali na Mtwara. Mwaka 1990 huko Marekani kundi la C+C Music Factory lilitoa wimbo wa kucheza uliovuma dunia nzima, na ile sauti nzito ya kike inayowainua watu vitini ilikuwa ya Martha Wash. Kwenye video akawekwa dada mwingine, Zelma Davis, anachezesha midomo. Martha akaenda mahakamani na mwisho wakapatana. Kuna kipande cha habari hiyo ambacho watu hukiruka: Zelma naye alikuwa mwimbaji, na nyimbo nyingine za albamu ileile aliimba mwenyewe. Nimemkumbuka kwa ajili ya huyo wa gauni jekundu. Umenieleza gauni lake, hukunieleza yeye. Hujui alilipwa nini, hujui kama aliambiwa sauti itakayotoka si yake au naye alikuja kugundua video ikiwa tayari, na hujui analalaje akijua mwezi ujao atasimama mbele ya umati bila sauti. Sikwambii umhurumie. Nasema tu usiku ule huenda wakatetemeka wawili, mmoja kila upande wa pazia.

Halafu hili la jina na hela. Umeyafunga kwenye pindo moja la kanga, na mimi naomba uyafungue, kwa sababu hayaendi pamoja siku zote. Jumapili moja mwanzoni mwa mwaka 1973 mwimbaji Clare Torry aliitwa studio London. Bendi ya Pink Floyd ilikuwa na muziki usio na maneno, wakamwambia aingize sauti tu, ajionee mwenyewe. Akaimba kama mtu anayelia msibani, bila neno hata moja, akapokea pauni 30 na kurudi kwao akidhani haitatumika. Akaja kuona jina lake kwenye jalada la albamu, dukani. Kwa hiyo jina alipewa tangu mwanzo, ila aliandikwa kama mwimbaji, na zile 30 ndizo zikawa malipo yake kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 2004 ndipo alipokwenda kudai kwamba ile sauti aliitunga palepale alipokuwa anaiimba. Mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama, na tangu hapo anaandikwa mtunzi mwenza.

Sasa rudi kwenye korasi yako. Maneno manne ni ya msanii. Lakini ule mteremko wa mwishoni, umeupitia kwenye barua kwa mstari mmoja kana kwamba uliokota kitu njiani. Msanii alinyanyuka kwenye kiti kwa sababu ya kipi? Kuimba ulichopewa ni kazi moja. Kuweka ambacho hakikuwepo ni kazi nyingine, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina nafasi ya mtunzi na ina nafasi ya mtumbuizaji pia, yule ambaye kazi yake ilikuwa kuimba tu. Ukienda kuuliza, uliza yote mawili. Na nikuchokoze kidogo: bibi yako je? Naye ameandikwa wapi? Ukikaa na kaka yako kuzungumzia ile sauti, mtakuwa mnamzungumzia bibi, ambaye pengine ni bibi yake pia. Mama zenu si ndugu?

Nimesema kuuliza. Watu wakisikia COSOTA wanaona pingu. Unaweza kwenda au kupiga simu kutaka kujua haki yako bila kumtaja mtu, na ukarudi nyumbani ukalala juu ya ulichokisikia. Ukifika hatua ya kudai, hapo mambo yanabadilika. Utatakiwa kuonyesha ushahidi, kaka yako ataitwa aeleze, mama zenu wawili watajua, na ugomvi wa ndugu hapa kwetu haubaki kwa wawili. Sikuogopeshi. Nataka uijue bei kabla hujanunua.

Hata usipodai chochote, ushahidi wako uhifadhi sasa. Ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute. Sauti ulizotumiwa au ulizotuma kuhusu wimbo huo zihamishie mahali salama. Na kwenye kompyuta ya studio, kila ulichokiimba kipo kwenye traki yake, peke yake, bila biti. Kompyuta za studio hujaa na kazi za zamani hufutwa kupisha mpya, hilo unalijua kuliko mimi. Kumwomba kaka nakala ya traki zako ni ombi dogo. Ataweza kukuuliza za nini, na hapo ndipo maongezi yanapoweza kuanzia, kama hujapata pa kuanzia.

Tuje kwenye shoo. Kuimba nyuma ya pazia chenyewe hakina aibu. Mama zetu wa mwambao walilia machozi kwa filamu za Kihindi, na yule anayelia kwenye picha siye aliyekuwa anaimba. Lakini hata huko haikuanza vizuri. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake mkubwa iliandikwa Kamini, jina la mhusika wa kwenye filamu. Aliyeimba alikuwa Lata Mangeshkar, na ilibidi wasikilizaji waanze kuuliza huyu ni nani. Baadaye ikawa jambo la wazi kwamba mwigizaji anaigiza na mwimbaji anaimba, na hakuna anayejiona amedanganywa kwa sababu imeandikwa. Kwa hiyo usilitazame sana pazia. Jiulize nani anajua kwamba liko, na kama kuna siku atakayeuliza atajibiwa.

Ukikubali kama ulivyoombwa, bati litapatikana, na simlaumu mumeo. (Ingawa najiuliza ulimwambiaje. Ulimweleza habari ya tumbo na dhihaka za mtaani, au ulimtajia 150,000 tu? Mtu hujibu alichoulizwa.) Hatari yake ni kwamba shoo haitakuwa moja. Baada ya Mtwara wataitwa Masasi, wataitwa Lindi, na pazia litakuwa limeshazoeleka. Na siku utakapotaka kusema, watakuuliza mbona ulisimama nyuma ya spika ukapokea.

Ukikataa, wanaweza kubadilisha wakapiga pleibeki, mwandaaji akanuna, na shughuli ikapita. Kaka anaweza kukasirika na simu ikakaa kimya miezi. Vitumbua vitaendelea. Ila sidhani umeandika barua ndefu hivi kwa sababu unaweza kuishi bila ile maiki.

Nimeona kitu kingine katikati ya hayo, na huenda hakifai, wewe ndiye unayewajua hao watu. Tangu uanze kazi hii, mara nyingi wewe ndiye uliyekuwa unasubiri simu yao. Safari hii wao ndio wanaokuhitaji, na tarehe haisogei. Nguvu hiyo ni ndogo na ni ya siku chache, usiitumie kuwakomoa. Lakini inatosha kumwuliza kaka: kwa nini pazia? Kwenye taarab waitikiaji wanakaa mbele za watu, wamejitanda vizuri, na hakuna anayeona ajabu. Unaweza kusimama pembeni ya jukwaa na wenzako wawili kama waitikiaji, binti akawa mbele na maiki yake, na msanii akitambulisha bendi akawataja na nyinyi. Kwa mtu aliyekuja kucheza hakitapungua kitu. Kwako kitakuwa kimeongezeka, sijui kiasi gani. Inawezekana ukiwa pale ukaona bado ni kidogo mno, ukaumia zaidi kuliko gizani. Lifikirie na hilo.

Kukaa mbele za watu kunatuleta kwa mama mkwe. Umeniandikia kwamba ni mtu wa dini, na kwamba hajui. Hukuniandikia siku aliyokukataza. Nimeitafuta hiyo siku kwenye barua sikuiona. Wacha Mungu nao wana sauti, na kaswida haziimbwi na malaika. Inawezekana kweli atakataa, na unaishi kwake, kwa hiyo ni jambo la kupima kwa makini na mumeo awepo. Lakini mtaa mzima umeshakucheka kwa habari hii. Unadhani haitamfikia? Na ikimfikia, itakuwa imepitia mdomo gani?

Wapo watakaokushauri ujirekodi na simu unaiimba ile korasi, uirushe mtandaoni, dunia ijue. Inaweza kufanikiwa. Inaweza pia kukuletea wachekaji elfu badala ya ishirini, na mwanao yuko darasani na watoto wao. Kama ungekuwa mwanangu wa kunizaa ningekuomba jambo hilo liwe la mwisho kabisa, baada ya kaka yako kupata nafasi ya kukujibu ana kwa ana.

Ana kwa ana, narudia. Usimpigie simu. Usimfuate studio wasanii wakiwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu, hapo atajibu kama prodyuza. Mfuate nyumbani, saa ambayo amekula. Mwanzie kwa ile nauli aliyokutumia, maana ni kweli na haijafutika. Halafu mweleze kuhusu bajaji na ndoo ya mchele. Nadhani hajui ulivyousikia wimbo huo mara ya kwanza.

Na yule mdogo. Miaka 7 inatosha kumjua mama yake kwa sauti. Siku moja mkiwa jikoni, kinu kikiwepo, mwanzishie ile ya bibi, umwone atapokea vipi. Usimwambie kitu kuhusu wimbo. Atautambua mwenyewe harusini.

Wimbo nimeusikiliza mara nne kwa hedifoni. Kabla ya korasi ya pili, kwenye pumzi, ti, ipo. Hapa nyumbani tumebishana: mwenzangu anasema bangili hizo ni za shaba, mimi nasema ni fedha. Ukishaongea na kaka yako niandikie yaliyotokea, na hilo nalo unijibu.

Shangazi